Nusu Mshipi

Magoti ya Bwana Ulysse Arceneaux ni ya chuma, yote mawili.
Asubuhi nayapaka mafuta, juu ya kovu refu kama zipu,
naye anahesabu kwa Kifaransa cha huku, moja hadi ishirini,
halafu anachoka, anatazama dirishani.
"Nipeleke nikaone magoti mengine."
Na leo, kwa kuwa binti yake alikuwa kazini Thibodaux,
nikampeleka.

Kutoka Pierre Part hadi ziwani ni dakika nane.
Mpwa wake, Clovis, ana mashua ya bati
na mota iliyokohoa mara mbili, ikakubali.
Tukaingia mahali ambapo maji hayana safari:
meusi, kama chai iliyosahauliwa jikoni,
juu yake zulia la majani madogo kuliko dengu.
Tulipopita zulia lilichanika,
likajishona nyuma yetu.

Misaipresi niliyoizoea mimi ni ya Lushoto, uani mwa kanisa,
imechongoka, kijani mwaka mzima, kama watoto wa kwaya.
Hii ni ukoo mwingine.
Mashina yamevimba chini kama sketi iliyolowa,
matawi yamevaa ndevu za kijivu zisizo zake,
na Novemba ikifika
inageuka rangi ya kutu, inanyoa kichwa.
Ndiyo maana wanaiita kipara.
Saipresi gani huu, niliuliza, unaopukutika kama mkungu?
Clovis akacheka. Mzee hakucheka:
"Unaijua baridi kuliko wenzake."

Na kila mahali, kutoka majini, magoti.
Mengine yananifika kiunoni, mengine ni ngumi ya mtoto,
kana kwamba umati umepiga magoti kichwa chini,
sala yote imeelekezwa matopeni.
Ya kazi gani? Clovis anasema mti unapumulia.
Mwalimu wake alisema ni ya kuushika wakati wa kimbunga.
Wataalamu wamepima, wamekata, wamerudi na majibu yanayogombana.
Nikalipenda hilo:
kiungo kisichodaiwa maelezo.

Baba yake mzee alikuwa mkata magogo.
Majira haya haya, mti ulivishwa mshipi:
shoka lilizunguka shina, likala gome na nyama yake,
mti ukafa umesimama, ukakauka taratibu,
ukingoje mafuriko yaje kuuchukua.
Mti hauendi ila kwa nyenzo, tunasema kwetu;
nyenzo ya huku ilikuwa maji.
Miti iliyozeeka kabla ya mtu kuandika jina la mto huu
ikaelea kwenda kuwa mapipa, na vigae, na majeneza.

Lakini huu aliotuleta kuuona una nusu mshipi tu.
Kovu linaanza mashariki, linakwenda sawasawa,
kisha basi. Kama mtu aliyeitwa katikati ya sentensi.

Kwa nini aliacha?
Kwanza alisema shoka lilichopoka, likazama.
Tulipousogelea, akasema homa.
Nilipomshika kiuno ainuke, auguse, akasema:
"Walimwita nyumbani. Nilikuwa nazaliwa."
Clovis akanikonyeza: kila mwaka ana sababu mpya.

Sikutaka kujua ipi.
Kiganja chake kilikuwa juu ya kovu,
gome limefura pembeni kama mdomo uliojing'ata,
na yale magoti ya chuma, ndani ya mashua inayocheza,
yalisimama, nawaapia, dakika tatu nzima.
Yangeyange mmoja alitutazama. Akabadilisha mguu.

Jioni nikajaza fomu ya ofisi.
Dawa: amemeza. Presha: ya kawaida.
Mazoezi: amesimama bila fimbo, dakika tatu.
Mahali pa mazoezi, nikapaacha wazi.

Jani moja la kutu, jembamba kama unyoya,
lilikuwa limenasa kwenye kilemba changu.
Binti yake aliliona. Akalichomoa kwa vidole viwili,
akalinusa,
akaenda kuchemsha maji.